Kilwa kwa siku nne: mwanze wapi, muache nini

*"Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Septemba hii watoto wakifunga shule tuna siku nne: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 13, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Bagamoyo tumeshafika, Mji Mkongwe wa Zanzibar pia. Nilitaka safari hii iwe ya Kilwa, lakini kila ninayemwambia ananijibu kule ni magofu tu, watoto watachoka. Ni kweli? Na tukienda, tuone nini, tuache nini?"*

Marahaba, mwanangu. Nendeni.

Wanaokuambia "magofu tu" hawakudanganyi. Kilwa Kisiwani haiko kama Mji Mkongwe, ambako watu wanaishi na kuuza na kusali ndani ya majengo yale yale ya mababu. Kisiwani utakuta kuta, makaburi, na misikiti isiyoswaliwa. Mgeni akishushwa pale saa tatu, akazungushwa haraka haraka na kurudishwa Kilwa Masoko, mji wa bara, kabla ya chakula cha mchana, ataondoka na neno hilo hilo la magofu. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Wamefika Kilwa, lakini hakuna aliyewaambia kwamba Kilwa ziko tatu, na kwamba ukiziona kwa mpangilio wa umri wake, kila moja inakueleza ilikotoka nyingine.

Kisiwani ndiyo ya kwanza, mji wa dhahabu. Kivinje, iliyo bara upande wa kaskazini, ilikua biashara ilipogeuka kuwa ya pembe za ndovu na ya watu. Masoko ndiyo ya sasa, yenye gati, uwanja mdogo wa ndege, ofisi za serikali na nyumba za wageni. Mtalala Masoko usiku wote, kwa sababu ndiko kwenye vitanda na maji. Ila moyo wa safari uuweke kwenye zile mbili nyingine.

Siku nne zako zihesabu kuanzia Dar es Salaam. Kutoka Morogoro mpaka Kilwa kwa siku moja ni kuwatesa watoto na kumtesa zaidi mama. Laleni Dar usiku mmoja kabla, na mkifika mapema, nendeni Makumbusho ya Taifa mkatazame vitu vilivyochimbuliwa Kilwa: vigae vya bakuli za Uchina na Uajemi, shanga, sarafu za shaba. Hilo ni la muhimu kuliko linavyosikika. Mtoto aliyeiona sarafu kwa macho yake, akifika kisiwani atauliza ilikuwa inanunua nini. Asiyeiona ataona mawe.

Hizo sarafu zenyewe ni ndogo, kama kitufe cha shati, na masultani wa Kilwa walizitengeneza hapo hapo. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una sifa za Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yana vina. Huyo mwanao wa miaka 13 kama ameanza kusoma ushairi darasani, mwambie hilo. Sarafu ya Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko bado watu wanabishana, na ubishi huo ni mzuri kwa safari ndefu ya basi.

Barabara yenyewe ni ya lami. Kutoka Dar ni kilomita 300 na ushei, mnavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha Somanga, kisha mnakunja kushoto Nangurukuru kuelekea baharini. Mkipita Somanga waambieni watoto kwamba bomba la gesi inayozalisha sehemu ya umeme wa Dar linatoka baharini maeneo hayo, kutoka kisiwa cha Songo Songo, ambacho nacho ni cha wilaya hii ya Kilwa. Septemba mmechagua vizuri: upepo wa kusi umelegea na mvua hazijaanza. Masika ndiyo ya kuogopa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivunja barabara maeneo ya Somanga, na magari ya kusini yakakwama siku kadhaa.

Kabla hujapanga siku ipi mnavuka, mwulize nahodha habari za maji. Wageni wa bara wanaulizia bei ya boti, bei ya chumba, bei ya samaki, na bahari hawaiulizii, ilhali ndiyo inayopanga ratiba. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua, na pwani yetu bamvua hukausha maji kama saa nne asubuhi na kuyajaza kama saa kumi jioni. Mkivuka saa nne siku ya bamvua, boti itatia nanga mbali na mtatembea kwenye maji na tope. Watoto watafurahi, mama hataweza. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Kwa kuwa mna mtu wa magoti, tafuteni siku za maji mafu hata kama itabidi msogeze safari kidogo.

Sasa Kisiwani. Ipeni siku nzima, na siku hiyo msichanganye na Songo Mnara, hata kama mwenye boti atakushawishi kwamba vyote vinawezekana kwa bei moja. Vinawezekana, ndiyo, kwa mtu anayetaka kuhesabu sehemu alizofika.

Mkikaribia, jengo la kwanza kuliona ni Gereza, ngome iliyo pembezoni mwa maji. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakaipora, wakajenga ngome, na kufika 1512 walikuwa wameshaondoka. Jengo mnaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, lililosimamishwa juu ya kazi ya Wareno. Msikae hapo sana. Tazameni tu jinsi bahari ilivyokula upande wake mmoja, kwani mmomonyoko huo ni mojawapo ya sababu zilizofanya UNESCO, iliyoiorodhesha Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, iyaweke magofu haya katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Yalitolewa humo 2014 baada ya ukarabati wa miaka. Bila ukarabati huo, ngome hii ingekuwa imeshakwenda na maji.

Msikiti Mkuu ndio wa kukaa. Chagueni kivuli, mkae chini kabisa. Sehemu ya kaskazini, yenye kibla, ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 au 12. Ile ya kusini yenye matao na kuba iliongezwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa tena karne ya 15. Simameni katikati ya nguzo na mtazame kuba kutoka chini. Hakuna nondo wala saruji pale: ni matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na hesabu kichwani mwa fundi. Kwa karne nyingi pwani yetu haikuwa na msikiti uliouzidi ukubwa. Mtoto akiuliza mnara wa kuadhinia uko wapi, mjibuni kwamba haukuwapo. Misikiti ya kale ya Waswahili kwa kawaida haikujengewa minara, mwadhini aliita kutoka juu ya paa au mlangoni.

Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti mdogo wenye kuba, wa karne ya 15, ambao kwa maoni yangu ndio jengo zuri kuliko yote Kilwa. Umesalia karibu mzima. Ndani ya kuba, inueni macho mtaona matundu ya mviringo yaliyokaa kwa mpangilio: humo mlipachikwa bakuli za kung'aa kutoka ng'ambo. Hiyo ndiyo faida ya kupita Makumbusho kwanza, maana watoto watajua bakuli zenyewe zilikuwaje.

Hapo ndipo pa kuwasimulia hadithi ya nguo. Tarehe ya kale ya Kilwa, yaani maandishi ya historia ya mji huo, inasema Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi, alifika akakuta kisiwa kina mwenyewe, akakinunua kwa nguo za kutosha kukizungushia kisiwa chote. Wakati huo, inasema tarehe, mtu aliweza kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Mwenye kisiwa alipohamia bara alikusudia kurudi na jeshi kwa njia hiyo hiyo, lakini mkondo ukachimbwa, na maji hayakukauka tena. Wasimulieni kwa raha yote. Kisha waambieni na la pili: wachimbaji wa mambo ya kale, akiwamo Neville Chittick aliyefanya kazi hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuta chini ya mji wa mawe vyungu, mifupa ya samaki na masalia ya uhunzi ya watu wa pwani hii hii waliokaa hapo karne kadhaa kabla ya jiwe la kwanza la msikiti. Mji ulikua kutoka kwa hao. Wageni walikuja, wakaoa, wakasilimisha, wakafanya biashara, lakini walikuta watu. Mwanao asiondoke Kilwa akidhani ilishushwa tayari kutoka jahazini.

Makutani, jumba lenye kuta kubwa upande wa magharibi, ni la karne ya 18, Kilwa ilipoinuka tena baada ya kupigwa na wavamizi Wazimba kutoka kusini mwaka 1587 na kufifia. Ni mahali pa kuvutia, na ni hapo pa kuanza kusema habari nzito. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa mashamba ya Mauritius na Réunion. Kilwa ya dhahabu ilikuwa imekwisha, na biashara mpya ilikuwa watu. Miaka ya 1840 Waomani walimwondoa sultani wa mwisho na Kisiwani ikabaki kijiji.

Kijiji hicho kipo mpaka leo, na mtapita katikati yake. Salimianeni na watu. Wazee msiwapite bila shikamoo. Wewe na mama mvae kanga au mtandio, kama mngefanya mkienda kwa jamaa, na msiwapige watu picha bila kuomba. Chukueni mwongozaji mzaliwa wa kisiwani, kwa kuwa anajua kaburi lipi linatembelewa na kwa dua gani. Na watoto wasipande juu ya kuta. Jiwe moja likitoka, mvua ya masika inaingia, na ukuta uliosimama miaka 600 unaweza kuanguka msimu mmoja.

Kisha Husuni Kubwa. Hii ndiyo sehemu inayoachwa na wengi kwa sababu iko mbali kidogo na magofu mengine, upande wa mashariki, na njia ina jua. Naomba msiiache. Ni jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100, limekaa ukingoni mwa mwamba unaotazama mkondo wa bahari. Kuna birika la kuogelea la pembe nane. Kuna ua mkubwa upande wa kusini uliokuwa wa bidhaa, na ngazi zinazoshuka kuelekea majini. Dhahabu ya Zimbabwe ilipitia Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, Sofala ilikuwa mkononi mwa Kilwa, na ushuru wake ndio uliolipa jengo hili. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 katika utawala wa sultani huyu, akausifu mji kwa uzuri wake na sultani kwa ukarimu wake. Na jumba halikumalizwa. Tembeeni mkitafuta kuta zilizoishia nusu, mpeni wa miaka 9 kazi hiyo. Nendeni baada ya saa tisa alasiri, jua likiwa limelegea. Mama kama atachoka, abaki kivulini kijijini na mume wako, au nahodha aulizwe asubuhi kama maji yatamruhusu kuzunguka na boti kumshusha jirani zaidi.

Songo Mnara ni siku nyingine, na ni ya hiari. Ni mwendo mrefu zaidi wa boti, kuelekea kusini, kati ya visiwa na mikoko, na mara nyingi kushuka kwake ni kwa kulowa mpaka magotini. Mama simshauri. Kwa mpenzi wa nyumba, hata hivyo, hakuna mahali kama pale. Kisiwani inakuonyesha masultani na misikiti. Songo Mnara inakuonyesha familia: zaidi ya nyumba 40 za mawe za karne ya 14 na 15, zenye nyua, ngazi, baraza, vishubaka vya kuweka taa na vyombo, vyumba vya ndani vilivyo vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki upana zaidi ya huo. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya pwani ataijua njia ya kutoka sebuleni kwenda jikoni bila kuonyeshwa. Katika uchimbaji wa miaka ya karibuni, chini ya sakafu ya nyumba moja zilikutwa sarafu zaidi ya 300 za Kilwa zikiwa pamoja. Mtu aliziweka akiba. Hakurudi kuzichukua.

Mkitaka, mume na mwanao mkubwa waende Songo Mnara, na nyinyi wengine mbaki ufukwe wa Jimbizi hapo Masoko, mtoto aogelee na mama apumzike. Familia kugawana siku moja hakuna ubaya.

Siku ya nne mnarudi, na njiani mnaingia Kivinje. Sisemi "mkipata nafasi". Ingieni. Iko pembeni kidogo ya barabara mnayopita, na naisikitikia kuliko sehemu zote za wilaya hii, kwa kuwa Kisiwani inalindwa na dunia nzima na Kivinje inajiangukia yenyewe. Nyumba za ghorofa za karne ya 19 zimebaki kuta, mizizi imeingia kwenye matao, boma la Wajerumani liko hoi. Na bado watu wanaishi katikati yake, wavuvi wanashusha samaki, soko linafanya kazi, wazee wanakaa barazani. Kwa mji wa kale ulio hai, Kivinje ndiyo yenyewe.

Katikati ya karne ya 19 hapa ndipo misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipoishia. Watu waliofika wakiwa wamefungwa, walionusurika njiani, walisafirishwa hasa kwenda Unguja. Hakuna bandari ya pwani ya Tanzania Bara iliyopitisha watumwa wengi zaidi ya hii. Hakuna makumbusho makubwa ya kukuonyesha hilo. Kuna ufukwe wenye maji mafupi na njia nyembamba zinazoelekea huko. Mwanao wa miaka 13 ni mkubwa wa kutosha kuambiwa ukiwa umesimama naye hapo hapo. Wa miaka 9 atauliza mwenyewe, mjibu kwa kadiri ya swali lake.

Halafu ulizeni Mwembe Kinyonga. Kila mtu Kivinje anapajua, na jina hilo mtaliona pia kwenye hospitali ya wilaya. Wajerumani walinyonga watu kwenye mwembe uliokuwa pale. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa miaka katika nchi ya Kilwa, walimnyonga mwaka 1895. Kabla yake, Septemba 1888, wenyeji wa Kivinje waliwaua maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani waliokuja kuchukua mji. Na miaka 10 baada ya Makunganya, Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, vilima vya wilaya hii hii, waling'oa pamba ya serikali na Vita vya Majimaji vikaanza. Wanafunzi wako wanakariri 1905 kwa ajili ya mtihani. Mwaka huo ulianzia pembeni mwa barabara hii mliyopita.

Mambo madogo yaliyobaki. Pesa taslimu chukueni za kutosha, msitegemee kutoa kisiwani wala Kivinje. Maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyoteleza. Chakula cha Kisiwani agizeni asubuhi kupitia mwongozaji, wali na samaki, mtakikuta tayari mchana, na pesa yenu itabaki kijijini. Bei ya boti patana kwa boti nzima, siyo kwa kichwa, na hakikisha makoti ya kujiokolea yapo kwa idadi yenu, ya watoto yawe ya watoto. Kibali cha kuingia magofu hukatwa Masoko kabla ya kuvuka: mkifika mapema siku ya kwanza kateni jioni ile ile, asubuhi msichelewe maji.

Na kama siku moja itapotea kwa pancha au kwa homa ya mtoto, ondoeni Songo Mnara. Siku mbili zikipotea, ondoeni na Jimbizi. Kisiwani ibaki na siku yake nzima, na Kivinje ibaki na saa zake tatu, mkiwa mmefika kabla jua halijawa kali na wazee wangali barazani.